Mishipa Midogo Ndani ya Moyo Mnene

Mkazi wa mitaa ya Buyenzi au Kamenge jijini Bujumbura anayebanwa na kifua kila akipanda mlima anaweza kuambiwa, baada ya vipimo, kwamba mishipa yake mikubwa ya moyo iko wazi. Hurudi nyumbani akiamini ni uchovu tu. Ikiwa ukuta wa moyo wake umenenepa, jibu hilo halitoshi.

Mishipa mikubwa hupita juu ya moyo, lakini msuli wenyewe hulishwa na vimishipa vyembamba mno vilivyozama ndani yake. Ukuta ukinenepa, vimishipa hivyo haviongezeki kwa kiasi hicho. Kuta za vimishipa vyenyewe hunenepa, njia ya damu husongwa, na msuli uliokakamaa huvibana hata moyo unapolegea, yaani wakati hasa unapopaswa kupata lishe yake. Mtu akitulia, damu hutosha. Akikimbia, haitoshi, na sehemu za msuli hufa kidogo kidogo zikaacha makovu. Makovu hayo hudhoofisha moyo na huweza kuvuruga mapigo ghafla.

Mwaka 2003 madaktari wa Italia, Franco Cecchi na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takriban miaka 8 wagonjwa 51 wenye unene wa moyo usiotokana na presha, ambao mara nyingi hurithiwa. Wale ambao mtiririko wa damu ndani ya msuli wa moyo wao uliongezeka kidogo sana walipopewa dawa ya kutanua mishipa ndio waliofariki au kuzidiwa zaidi. Wengi wao mwanzoni walikuwa na dalili hafifu, wengine hawakuwa nazo kabisa. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwetu Afrika presha ndiyo inayotangulia. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi katika nchi 9, zikiwemo Kenya na Uganda, uliikuta presha ikiongoza miongoni mwa visababishi. Nayo huharibu vimishipa hivyohivyo. Heri iliyopo ni kwamba unene wa presha unaweza kupungua kwa dawa zinazomezwa kila siku.

Mashine za kupima mtiririko wa damu katika vimishipa ni ghali na adimu, ila ekografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha unene. Ukiambiwa unao, usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu. Mwambie daktari kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, na uwapeleke watoto wakapimwe. Anayezimia akicheza mpira afikishwe hospitali siku hiyohiyo.