Papa Akiuzoea Mkono

Mwongozaji hushuka kwanza, na kreti ya plastiki iliyojaa vipande vya samaki. Wateja humfuata mmoja mmoja, wamefunga viunoni vipande vingi vya risasi kuliko kawaida ili wasielee, kisha hupiga magoti juu ya mchanga mweupe, kina cha mita sita hivi. Hapo ni Tiger Beach, karibu na kisiwa cha Grand Bahama. Harufu ya samaki ikishasambaa, huanza kutokea papa taiga, wale wenye milia ubavuni ambao urefu wao huweza kupita mita nne. Mmoja huja akaisukuma kreti kwa pua. Mwongozaji humwekea kiganja usoni, akamgeuza taratibu, kamera zikawaka, na mgeni aliyevuka bahari kwa ajili ya picha hiyo akaipata.

Mara nyingi mambo huishia hapo. Watu hupanda botini wakicheka, hakuna aliyechubuka, na ndiyo maana biashara hii imeenea kutoka Karibea hadi Pasifiki. Shida ni kwamba usalama wake hutegemea kila mmoja pale chini kutokosea, na wengi wa waliopo pale chini ni papa.

Februari 2008 mzamiaji kutoka Austria aling'atwa mguuni huko huko Bahamas, katika safari ya namna hii. Kizimba hakikuwepo, na chambo kilikuwa kimewekwa majini makusudi. Helikopta ya walinzi wa pwani wa Marekani ilimchukua hadi Miami, lakini hakupona. Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo matangazo ya utalii hayalitaji: mahali penye papa wengi huwa mbali na hospitali. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa damu ana dakika chache tu, na pengine msaada wa kwanza anaoupata ni mkanda wa mwenzake uliokazwa juu ya jeraha.

Takwimu za kila mwaka nazo zahitaji kusomwa kwa makini. Jumba la Makumbusho la Florida hutunza kumbukumbu za kimataifa za watu walioshambuliwa na papa, na kwa mwaka 2023 lilithibitisha matukio 69 ambayo binadamu hakumchokoza mnyama, na mengine 22 ambayo alimchokoza. Idadi inayotangazwa sana ni ile ya kwanza. Mtu anayeng'atwa wakati papa wanalishwa huhesabiwa katika fungu la pili, kwa hiyo wenye boti wanaponukuu idadi ndogo ya mashambulizi duniani kuwatuliza wateja, wananukuu hesabu ambayo biashara yao haimo.

Kwa nini papa aliyeitwa kwa samaki amng'ate mtu? Si kwamba ameamua kumla. Papa hufuata harufu kutoka mbali, lakini harufu humfikisha jirani tu. Maji yakishajaa damu na mafuta ya samaki pande zote, pua haina tena cha kumwelekeza. Hapo hutumia macho, na mchanga ukitimka macho nayo hayamfai kitu. Papa taiga na jamaa zake wana ngozi inayofunika jicho pale wanapofumbua kinywa, kwa hiyo katika hatua ya mwisho kabisa mnyama huuma bila kuona. Kinachomwongoza wakati huo ni vitundu vidogo vya puani vinavyohisi umeme hafifu unaotoka katika mwili wa kila kiumbe. Chuma ndani ya maji ya chumvi nacho hutoa umeme, na mzamiaji amebeba chuma kingi: vali ya mtungi, bizimu za mkanda, fremu ya kamera. Mkono ulioshika jodari dakika moja iliyopita unanukia jodari. Papa asiyekuwa na mikono ya kupapasia hupapasa kwa meno.

Waongozaji wengi huvaa deraya ya vipete vya chuma. Vazi hilo lilibuniwa na wazamiaji wa Australia, Ron na Valerie Taylor, na Valerie mwenyewe aliwaachia papa wamng'ate mkono ili kulijaribu. Meno ya papa wadogo wa miambani hayapenyi. Papa wa mita nne ni habari nyingine, maana nguvu ya taya zake huweza kuponda kilicho ndani hata vipete visipokatika. Isitoshe, deraya huvaliwa na anayelisha. Mteja aliyepiga magoti pembeni, macho yake yote kwenye kioo cha kamera, ana suti ya mpira tu.

Ujuzi pia una mpaka wake. Erich Ritter, Mswisi aliyejulikana kwa kusoma mienendo ya papa, alishikilia kwamba mtu mtulivu anayeelewa ishara za mwili wa mnyama anaweza kusimama katikati yao bila hofu. Aprili 2002 alikuwa Walker's Cay, Bahamas, amesimama kwenye maji ya kiunoni akirekodiwa kwa ajili ya televisheni, kukiwa na chambo jirani. Papa fahali, mnene mwenye pua butu, alipita akaondoka na shavu la mguu wake. Ritter alipona, akarudi kwenye kazi yake. Kama yeye, mjuzi aliyelala na kuamka na papa, hakuwahi kuuona mwendo ule mapema, mgeni wa mara ya kwanza ataona nini?

Haya yote ni hatari za mtu aliyelipa mwenyewe akajua anakokwenda. Kuna hatari nyingine, na kwa maoni ya mwandishi hii ndiyo nzito zaidi, kwa sababu humwangukia ambaye hakualikwa. Papa hujifunza. Miaka ya 1950 mwanabiolojia Eugenie Clark aliwafundisha papa wawili huko Florida kusukuma ubao uliopiga kengele ili wapate chakula, na baada ya mapumziko marefu ya baridi, walipoacha kula, walirudi wakiukumbuka ubao wao. Huko Moorea, Polinesia ya Ufaransa, watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa papa wa manjano hafifu waliokuwa wakilishwa kwa ajili ya watalii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha papa hao wakizidi kukaa pale pale palipo na mlo, na ugomvi ukiongezeka.

Mwaka huo huo, yakatokea ya Sharm el-Sheikh. Mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba 2010, katika mji huo wa kitalii wa Misri ambako papa hawakuwa wakisumbua waogeleaji, watu wanne walijeruhiwa vibaya mmoja baada ya mwingine. Fukwe zilifungwa. Papa wawili wakavuliwa na kuuawa, ikadhaniwa wahalifu wamepatikana, maji yakafunguliwa. Tarehe 5 Desemba mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa akiogelea karibu na ufuo alishambuliwa na kufa.

Wataalamu walioitwa walitaja sababu kadhaa. Mojawapo ilikuwa mizoga ya kondoo: meli zilizoleta mifugo kwa ajili ya Idd el-Hajj, iliyoangukia katikati ya Novemba, zilidaiwa kuwatupa baharini kondoo waliokufa njiani. Nyingine ilikuwa uvuvi uliopunguza samaki. Lakini lililowashtua zaidi ni majeraha yenyewe. Meno yalikuwa yamelenga makalio na mapaja. Ikakumbukwa kwamba baadhi ya waongozaji wa wazamiaji, kinyume cha sheria, walikuwa wakiwalisha kwa mkono papa wa bahari kuu, wale wenye mapezi marefu ya ncha nyeupe, na kwamba samaki wa kuwalisha walibebwa katika vipochi vilivyofungwa kiunoni. Wachunguzi waliona kuna uhusiano: mnyama aliyezoea kupata samaki nyuma ya kiuno cha mtu aliwatafuta mahali alipozoea kuwapata, kwa watu ambao hawakubeba kitu.

Florida haikungoja kisa cha namna hiyo. Kuanzia mwaka 2002 jimbo hilo limewakataza wazamiaji kulisha samaki katika maji yake, papa wakiwemo. Hawaii nayo ina katazo la kulisha papa. Waliotaka kuendelea walisogea nje ya mpaka wa jimbo au wakavuka hadi Bahamas, mpaka Desemba 2022 Marekani ilipolipeleka katazo hilo hadi kwenye maji ya shirikisho yaliyo mbele ya Florida.

Bahamas haina haraka ya kufuata, na sababu zake si za kipuuzi. Utalii wa papa uliwahi kukadiriwa kuiingizia nchi dola milioni 113 kwa mwaka, na mwaka 2011 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa papa wa kibiashara katika maji yake yote. Dunia inayovua papa wanaokadiriwa kufika milioni mia moja kwa mwaka haina mahali pengi pa namna hiyo. Fiji imefanya mapatano mengine: katika hifadhi ya Shark Reef, iliyoanzishwa mwaka 2004 karibu na Beqa, wanavijiji waliacha kuvua kwenye mwamba wao, na kila mzamiaji hulipa ada inayowarudia. Wageni huwekwa nyuma ya ukuta mdogo wa mawe, na wanaolisha ni wenyeji waliofunzwa.

Hata hivyo, papa fahali wa Fiji hulishwa kwenye kina cha mita 30 hivi. Mtu akishikwa na hofu kule chini akafyatuka kwenda juu huku amebana pumzi, hewa ya mapafuni hutanuka kadiri anavyopanda na inaweza kuyapasua. Huyo ataumia pasipo papa yeyote kumgusa. Na anayekodolea papa macho husahau kutazama kipimo cha hewa.

Pwani ya Afrika Mashariki, ambako wengi hukutana na papa akiwa ng'onda aliyepikwa kwa nazi, mchezo huu haujawa biashara ya kujulikana. Kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Machi, wageni huogelea na papa potwe mbele ya Kilindoni. Mnyama huyo mkubwa kuliko samaki wote huja mwenyewe kufuata vijidudu na kamba wadogo wa majini, na siku asipokuja wageni hurudi bila kumwona. Oslob, Ufilipino, waliona siku kama hizo ni hasara. Tangu karibu mwaka 2011 wavuvi wa huko huwamwagia papa potwe kamba wadogo kila asubuhi, na watalii humiminika kwa maelfu. Papa potwe hana meno ya kumdhuru mtu. Ila sasa wale wa Oslob wanaogelea hadi ubavuni mwa boti kuomba, na watafiti wamewakuta na makovu ya mapangaboi.