Visima vya Tarawa na Mabaraza ya Sheria

Bahari ikitajwa kupanda, wengi huwazia wimbi likimeza nyumba. Kiribati, taifa la visiwa 33 katikati ya Pasifiki, mambo huenda taratibu zaidi. Kinachotangulia kuharibika ni kisima.

Visiwa hivyo karibu vyote ni vipande vyembamba vya matumbawe, na sehemu kubwa haizidi mita 2 au 3 juu ya bahari. Mito hakuna. Maji matamu ni ya mvua iliyopenya ardhini, ikatulia juu ya maji ya chumvi. Bamvua likivuka kuta, chumvi huingia humo. Kisima hakinyweki tena, na babai, zao la jamii ya magimbi linalopandwa mashimoni, hunyauka. Kisiwa kingalipo, lakini haki ya maji, chakula na afya imeshaguswa.

Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa takriban sentimita 20: maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Mchango wa Kiribati katika joto hilo ni kama hakuna.

Ioane Teitiota, raia wa Kiribati, alihama kutoka kisiwa cha Tarawa nchini humo kwenda New Zealand mwaka 2007, na baadaye akaomba hifadhi ya ukimbizi. Mahakama zilimkatalia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humlinda anayeteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au siasa. Bahari haichagui wa kumtesa. Septemba 2015 akarudishwa kwao.

Alilalamika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na uamuzi ukatangazwa Januari 2020. Alishindwa, kwa hoja kwamba ndani ya miaka 10 hadi 15 serikali yake, ikisaidiwa, ingeweza kuwakinga watu wake. Hata hivyo, Kamati ilikiri kuwa madhara ya tabianchi yanaweza kufikia kiwango ambacho kumrudisha mtu ni kuvunja haki yake ya kuishi.

Wajumbe wawili hawakukubali. Mmoja, Duncan Laki Muhumuza wa Uganda, alisema huko ni kumrudisha anayezama kwenye chombo kinachozama, kwa kisingizio kwamba humo wamo abiria wengine. Ni vigumu kumjibu. Kama haki ya kuishi haidaiwi hadi vifo vionekane, mwenye kuidai atakuwa nani?

Septemba 2022 Kamati hiyohiyo ilisogea mbele. Iliamua kwamba Australia ilikosa kuwakinga ipasavyo wenyeji wa visiwa vyake vya Mlango-Bahari wa Torres, ambako maji yalikuwa yameharibu makaburi ya wahenga, na hivyo ilivunja haki zao za makazi na utamaduni.

Limebaki suala la nchi yenyewe. Kiribati huishi kwa leseni za uvuvi, hasa wa jodari, katika eneo la bahari la kilomita za mraba zaidi ya milioni 3. Ufuo ukiliwa, mipaka hiyo nayo irudi nyuma? Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika ushauri ulioombwa kwa juhudi za Vanuatu, ilisema nchi hailazimiki kuichora upya mipaka yake ya bahari iliyokwisha kusajiliwa, na kwamba kupotea kwa ardhi hakuifuti dola moja kwa moja. Meli za kigeni zitaendelea kulipia jodari wa Kiribati.