Node na Deno: hotuba mbili za mtu mmoja

Katika mikutano ya watengenezaji wa wavuti, msemaji kwa kawaida huja kusifu kazi yake. Mimi, mwanafunzi wa isimu, nimevutiwa na msemaji aliyefanya zaidi ya hapo: Ryan Dahl, katika mkutano wa JSConf EU, mjini Berlin.

Mwaka 2009 aliwaonyesha wenzake Node.js, chombo kinachoiwezesha JavaScript, lugha iliyozoeleka ndani ya kivinjari, kufanya kazi kwenye seva. Ukumbi ulimshangilia, na chombo kikaenea duniani. Mwaka 2018 alirudi na kutaja mambo anayoyajutia katika kazi hiyohiyo. Mojawapo ni usalama: programu ya Node iliweza kufikia faili na mtandao bila kuomba ruhusa.

Kwa nini asirekebishe tu? Kwa sababu programu nyingi mno zilikwisha kujengwa juu ya maamuzi yale. Ndipo akatangaza chombo kipya, Deno, kinachodai ruhusa kwanza. Kwa maandishi, jina hilo ni kinyume, ule mchezo wa Waswahili wa kutanguliza silabi ya mwisho: nyumba ikawa mbanyu, node ikawa deno.

Tahajia nayo ni chombo cha namna hiyo. Herufi hubadilishwa kwa urahisi kabla vitabu havijachapwa na watoto hawajafundishwa. Baada ya hapo huwa mali ya wasomaji. Kwa hiyo, sisi tunaojiandaa kuziandikia lugha zetu za Kongo tuwasikilize wanaozisema mapema, kabla ya kupiga chapa.