Mota na Mashine ya Posho Zisimame Sawasawa

Mkulima, ukiona mkanda wa mashine yako ya posho unalika upande mmoja, usingoje mpaka beringi zivunjike wakati wa mavuno. Zima swichi kubwa, na mtu yeyote asiiguse. Nyosha uzi mbele ya puli mbili. Kama kingo za puli zina unene sawa, uzi uguse kila puli mahali pawili. Ukiona mwanya, legeza boliti za mota, uisogeze, kisha kaza.

Mashine ikitetemeka, tazama nyundo zake. Nyundo mpya ikielekeana na iliyolika, uzito haulingani. Badilisha mbili mbili zinazoelekeana, na uzipime kwa mizani kwanza. Rudisha vifuniko vyote kabla ya kuwasha.