Rangi ya Nyumba ya Kupanga: Nani Alipe Mpangaji Ahamapo?



Jambo tutakalolieleza leo ni dogo likitazamwa kwa mbali, lakini limevunja urafiki wa watu wengi katika miji yetu. Nalo ni jambo la rangi ya kuta. Mpangaji amekaa katika nyumba miaka miwili, mitatu au zaidi, na kodi yake amelipa kila mwezi. Sasa ataka kuhama. Mwenye nyumba huja, hutazama kuta, kisha husema, "Nyumba hii yataka kupakwa rangi upya, na gharama nitaikata katika amana yako." Mpangaji naye hujibu kwamba hakuharibu kitu. Hapo maneno huwa mengi, na mara nyingi mwenye kushika fedha ndiye ashindaye, awe na haki au asiwe nayo.

Amana hiyo si fedha ya kudharauliwa. Kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja au miwili, iliyowekwa kwa mwenye nyumba siku ya kuingia. Mpangaji ahamaye huitumainia aiweke tena katika nyumba aendayo; akiikosa, hukopa, au hupunguza chakula cha watoto wake. Kwa upande wa pili, wako wapangaji waachao kuta zimejaa masizi, michoro ya makaa na matundu ya misumari, na mwenye nyumba hana pa kupata gharama ya matengenezo ila katika kodi yake. Hatukusudii kumpendelea mmoja na kumlaumu mwingine. Twataka kuonyesha kanuni moja ambayo, ikifahamika kwa wote wawili, ugomvi mwingi utakwisha. Nayo ni hii: mpangaji hulipia uharibifu alioufanya, wala halipii umri wa rangi.

Rangi huzeeka kama nguo izeekavyo. Jua liingialo dirishani huififisha, vumbi hushika, mikono ya watu huacha weusi karibu na mlango na swichi ya taa, na mahali kabati liliposimama hubaki alama. Hayo hutokea hata mpangaji awe mwangalifu namna gani. Kodi ailipayo kila mwezi ndiyo malipo ya matumizi hayo. Mwenye nyumba akiisha kupokea kodi ya miaka mitatu, kisha akatoza gharama yote ya rangi kwa sababu tu imechakaa, amelipwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Basi atazamaye ukuta na autazame kwa kuuliza sababu ya ubaya wake. Sababu ni za namna tatu. Ya kwanza ni kuchakaa kwa kawaida, kama tulivyokwisha kueleza. Hilo ni la mwenye nyumba. Ya pili ni uharibifu wa mpangaji au wa watu wa nyumbani mwake: moshi wa jiko la makaa lililowashwa chumbani, maandishi ya watoto, plasta iliyobanduliwa kwa misumari mikubwa, au rangi ya namna nyingine iliyopakwa bila ruhusa, hilo ni la mpangaji. Ya tatu ni ubaya utokao katika jengo lenyewe: paa livujalo, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, unyevu upandao kutoka ardhini. Huo si kosa la mpangaji, maadamu alitoa habari mapema alipouona.

Namna hiyo ya tatu yajulikana sana pwani. Katika miji ya kale kama Mombasa, Lamu na Unguja, nyumba nyingi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa tena, na chokaa yake huupa nafasi ya kupumua. Ukifunikwa kwa rangi ya kisasa isiyopitisha unyevu, maji hunaswa ndani, chumvi husukuma nje, na rangi hubambuka vipande vipande. Mpangaji aweza kuhama baada ya mwaka mmoja tu na kuacha ukuta kama huo ukiwa na sura mbaya, naye hakuugusa hata kwa kidole.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, zakaribiana sana katika jambo hili. Zote mbili zahesabu kwamba ndani ya mkataba wa kupanga mna ahadi fulani hata zisipoandikwa. Mpangaji huahidi kulirudisha jengo katika hali ile aliyolipokea; lakini papo hapo sheria yamtoa katika deni la kutengeneza yaliyoharibika kwa kuchakaa kwa kawaida, au kwa moto, mafuriko na ajali nyingine zisizotokana na uzembe wake. Tena, mtu akipanga sehemu tu ya jengo, ni juu ya mwenye nyumba kulitunza paa, kuta za nje na kuta kuu, pamoja na mifereji mikuu ya maji machafu.

Hata hivyo yafaa kuonya. Mkataba ukiandika waziwazi kwamba mpangaji atapaka rangi atokapo, neno hilo laweza kumfunga. Watu wengi hutia sahihi kwa furaha ya kupata nyumba, na karatasi huisoma siku ya kuhama. Hilo ni kinyume cha busara. Neno la rangi na lisomwe, liulizwe, na likiwa zito lipunguzwe, kabla ya kalamu kushika karatasi.

Fikira hizi si mpya. Mwaka 1890 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la nyumba moja ya London iliyokuwa imepangwa kwa miaka 3. Mpangaji alikuwa ameahidi kuitunza na kuiacha katika hali njema ifaayo kukaliwa. Ugomvi ulikuwa juu ya rangi, karatasi za ukutani na sakafu. Jaji Lord Esher alieleza kwamba matengenezo ya nyumba hupimwa kwa umri wake, namna yake na mahali ilipo. Nyumba ya miaka 200 haitazamiwi kuwa kama nyumba iliyojengwa juzi. Wala nyumba ya Spitalfields, iliyokuwa mtaa wa maskini, haipimwi kwa kipimo cha Grosvenor Square, mtaa wa matajiri. Mpangaji hakulazimika kubandika karatasi mpya kwa sababu tu ile ya zamani imechakaa, wala kupaka rangi kwa sababu tu haing'ai kama siku ya kwanza. Lakini rangi ikiisha hata mbao zikawa hatarini kuoza, hapo alipaswa kupaka ili azilinde. Sheria ya Uingereza ndiyo iliyoletwa Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni, na mawazo yake yangali yamo katika mikataba yetu ya nyumba.

Miji mingine imeweka hata miaka. Mjini New York, sheria yamtaka mwenye jengo la wapangaji wengi azipake rangi nyumba zao kila baada ya miaka 3, naye ndiye agharimiaye. Katika Uingereza, tangu mwaka 2007, amana ya mpangaji wa kawaida yapasa kulindwa katika mpango uliokubaliwa na serikali. Na pakitokea mabishano, waamuzi hawamruhusu mwenye nyumba kupata kitu kipya mahali pa kile kilichokuwa kimezeeka.

Sasa natutazame hesabu ya haki. Tuseme rangi ya chumba ilikuwa mpya mpangaji alipoingia, na wote wawili wakubali kwamba rangi ya namna ile hudumu miaka 5. Mpangaji amekaa miaka 3. Watoto wake wamechora ukuta hata hausafishiki, na kukipaka rangi chumba kile kutagharimu shilingi 10,000. Je, alipe zote? La. Sehemu tatu katika tano za maisha ya rangi zilikuwa zimekwisha kwa matumizi ya halali. Zimebaki sehemu mbili, nazo ni shilingi 4,000. Hizo ndizo alizompotezea mwenye nyumba. Kama angalikuwa amekaa miaka 5, rangi ingalikuwa imemaliza kazi yake, na michoro ile isingalimpotezea mwenye nyumba kitu cha thamani. Tena hesabu hii ni ya chumba kilichoharibika, si ya nyumba nzima. Haifai kumtoza mtu gharama ya vyumba vinne kwa ajili ya ukuta mmoja.

Mwenye kuhesabu hivi ahitaji kujua mambo mawili: rangi ilipakwa lini, na ilikuwa na hali gani siku ya kuingia. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twashauri mambo haya yafuatwe.

Kwanza, siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji wapite pamoja chumba kwa chumba. Waandike hali ya kila ukuta, rangi yake, na mwaka uliopakwa. Wapige na picha, maana siku hizi simu ya mkononi hufanya kazi hiyo bila gharama. Kisha watie sahihi nakala mbili, kila mtu na yake. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Ni kulinda uaminifu usije ukaharibiwa na usahaulifu.

Pili, wakati wa kukaa, mpangaji aonapo maji yakivuja atoe habari kwa maandishi mara moja. Akitaka kubadili rangi, au kutundika kitu kizito, aombe ruhusa, nayo iandikwe.

Tatu, kabla ya kuhama, aoshe kuta kwa maji na sabuni, na kuziba matundu madogo. Asikimbilie kununua rangi rahisi na kupaka viraka usiku wa mwisho. Viraka visivyolingana huharibu ukuta uliokuwa na sura njema, na humpa mwenye nyumba sababu ya kudai.

Nne, mwenye nyumba akikata fedha, aonyeshe hesabu: chumba gani, kosa gani, bei ya rangi na ujira wa fundi, pamoja na hati za malipo. Fedha iliyokatwa kwa ajili ya rangi na itumike kwa rangi. Yuko mwenye nyumba akataye fedha ya rangi kwa mpangaji wa kwanza, asipake, kisha akaikata tena kwa wa pili kwa ukuta uleule. Huo si utunzaji wa nyumba, ni kula mali ya watu. Na mpangaji aliyeandika hali ya ukuta siku ya kuingia hawezi kutendewa hivyo kwa urahisi.

Wasipopatana, na watafute mtu wa tatu kabla ya kufika mahakamani: mzee wa mtaa, au rafiki aaminiwaye na wote wawili. Ikishindikana, katika Tanzania liko Baraza la Kata la kusuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika Kenya, nyumba za kukaa zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina baraza lake maalum la kodi. Na Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000. Popote aendapo, mtu mwenye karatasi na picha hueleza neno lake kwa dakika chache, na asiye nazo hubaki akiapa.

Basi, wasikilizaji, mpangaji na airudishe nyumba safi na alipie alichokivunja. Mwenye nyumba naye akubali kwamba miaka hupita juu ya kuta zake kama ipitavyo juu ya kila kitu, na kwamba miaka hiyo amekwisha kulipwa.