Kuunga alumini na magnesiamu bila kuziyeyusha

Fundi yeyote wa kuchomelea anajua usumbufu wa alumini. Uso wake una utando wa oksidi usioyeyuka hata nyuzijoto 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Ukiiyeyusha pamoja na magnesiamu, usumbufu huzidi: mshono unapopoa hujaa misombo migumu isiyopinda, na mara nyingi hupasuka kabla haujabeba mzigo wowote.

Hata hivyo watengeneza magari na ndege wanazihitaji zote mbili. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina karibu gramu 7.8, ya alumini 2.7, ya magnesiamu 1.7 tu. Chombo chepesi hula mafuta kidogo.

Mwaka 1991 Wayne Thomas na wenzake wa taasisi ya TWI, karibu na Cambridge nchini Uingereza, walivumbua uchomeleaji wa kukoroga kwa msuguano. Mabamba mawili hubanwa kwenye meza imara, kingo zikigusana. Kifaa cha chuma kigumu chenye pini fupi huzungushwa kwa kasi, kikadidimizwa kwenye maungio mpaka bega lake, yaani sehemu pana iliyo juu ya pini, liguse uso wa mabamba, kisha kikasogezwa taratibu. Msuguano huilainisha metali, na pini huisonga kama mwiko unavyosonga ugali. Hakuna cheche, hakuna waya wa kujazia. Mwishoni, pini inapochomolewa, hubaki tundu.

Njia hii hulenga kutoyeyusha kitu, lakini alumini na magnesiamu zina mtego. Kila moja peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 650. Zikichanganyika kwa kiwango fulani, huyeyuka kwenye takriban 437 tu, joto linalofikiwa kwa urahisi chini ya bega. Hapo metali mbili zinapokutana hutokea utando wa majimaji, nao ukiganda huacha tabaka la misombo ileile migumu. Tabaka hilo likinenepa, mshono hukatikia hapohapo.

Kwa hiyo kazi yote ni kutawala joto. Kifaa kikizunguka haraka mno, joto hupita kiasi. Kikisogea haraka mno, metali hailainiki vya kutosha na huacha mashimo ndani. Mhandisi huchagua pia metali ipi ikae upande upi na pini iegemee wapi. Wapo wanaochomelea ndani ya maji ili joto lisikae.

Njia hii imeshatoka maabara: Honda iliitumia kuunga alumini na chuma cha pua katika fremu ya mbele, chini ya injini, kwenye Accord ya mwaka 2013.

Kwa alumini na magnesiamu, usiridhike na uso laini wa mshono. Kata kipande, kivute mpaka kikatike, ukague palipokatika. Kisha ziba maungio yasipate unyevu wa chumvi, kwa sababu metali hizi zikigusana humo, magnesiamu ndiyo huliwa kwanza.