Jokofu Lisilopoza: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kumlipa Fundi

Kwa wanachama wengi wa vyama vya msingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, jokofu, au friji kama wengi waliitavyo, si pambo la nyumba. Mwanachama wa Kibirizi, Katonga au Ujiji huweka humo migebuka na sangala waliobaki baada ya soko kufungwa. Mwingine amelinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akitumaini kulipa marejesho kwa kuuza barafu na maji baridi. Jokofu la namna hiyo likiacha kupoza, chakula huharibika na mkopo huendelea kudaiwa. Tena mara nyingi hufuata hasara ya tatu, yaani fedha inayolipwa kwa matengenezo ambayo hayakuhitajika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya fedha kutoka mfukoni mwa mwanachama au katika sanduku la chama.

JINSI JOKOFU LINAVYOFANYA KAZI

Yafaa ieleweke kwanza kwamba jokofu halitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa joto lililomo ndani na kulitoa nje. Ndani ya mabomba yake mna gesi maalumu inayozunguka. Ipitapo katika mabomba ya ndani ikiwa kimiminika, huchemka na kugeuka mvuke, na kwa kufanya hivyo hufyonza joto la vyakula. Kompresa, yaani ile mashine nyeusi iliyo chini upande wa nyuma, huuvuta mvuke huo, huushindilia na kuusukuma katika mabomba ya mgongoni au ubavuni. Huko mvuke hutoa joto, hurudia hali ya kimiminika, na mzunguko huanza upya. Ndiyo sababu mgongo au ubavu wa jokofu zima huwa na joto. Hiyo si hitilafu, bali ni dalili ya kazi.

Kutokana na maelezo hayo, sababu za kawaida za jokofu kutopoza ni nne. Ama kompresa haipati umeme wa kutosha. Ama joto linaloingia ni jingi kuliko linalotoka. Ama joto linalotoka halina njia. Ama gesi imevuja. Tatu za kwanza mwenye jokofu aweza kuzichunguza mwenyewe pasipo kufungua skrubu hata moja. Hapana budi azimalize hizo kwanza.

UCHUNGUZI WA NYUMBANI

1. Umeme. Umeme wa kawaida wa majumbani nchini ni volti 230. Kwa miaka mingi Kigoma na Ujiji zilitegemea mitambo ya dizeli, na mkoa ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Lakini hata umeme wa gridi waweza kufika nyumbani ukiwa dhaifu, hasa penye waya mrefu na mwembamba au pale vyombo vingi vinapotumia soketi moja. Dalili yake ni kompresa kuunguruma kidogo, kulia "tak", kunyamaza, kisha kurudia tena baada ya dakika chache. Jokofu lichomekwe peke yake katika soketi nzima ya ukutani, na ikiwezekana fundi umeme apime volti wakati wa jioni, saa ambazo matumizi ni makubwa. Umeme ukikatika na kurudi, ni vema kungoja dakika 5 kabla ya kuliwasha, ili msukumo wa gesi utulie na kompresa isiungue.

2. Themostati. Ni kile kitufe chenye namba kilichomo ndani. Katika majokofu mengi namba kubwa huleta baridi zaidi. Watu wengine huizungusha hadi mwisho wakidhani chakula kitapoa upesi. Sivyo. Themostati huamua tu lini kompresa isimame, haiiongezei nguvu. Iwekwe katikati, kisha kipimajoto kitiwe katika glasi ya maji kwenye rafu ya kati na kuachwa usiku kucha. Asubuhi kisipande juu ya nyuzi 4 au 5 za Sentigredi. Sehemu ya kugandishia yapaswa kufika nyuzi 18 chini ya sifuri.

3. Raba ya mlango. Kipande cha karatasi kibanwe na mlango, kisha kivutwe taratibu. Kikitoka bila kushikwa, raba imelegea mahali hapo na hewa ya joto inaingia mchana na usiku. Jaribio hili lifanywe pande zote nne. Mara nyingi raba huhitaji tu kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Iliyopasuka ibadilishwe.

4. Nafasi na hewa. Jokofu lililosukumwa hadi ukutani, au lililofunikwa kitambaa kizito mgongoni na ubavuni, halina pa kutupia joto. Liwe umbali wa sentimita 10 hivi kutoka ukutani, mbali na jiko la mkaa na dirisha lipigwalo na jua. Vumbi la mabomba ya nyuma lipanguswe kwa brashi laini baada ya plagi kuchomolewa.

Pia itazamwe herufi iliyo katika kibandiko cha ndani. Jokofu lenye N limeundwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 32. Lenye ST hufikia nyuzi 38, na lenye T nyuzi 43. Majokofu mengi yaliyotumika, yaletwayo kutoka nchi za baridi, si ya daraja la T. Katika nyumba ya bati, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba kabla ya mvua kuanza, jokofu la N hushindwa hata kama ni zima kabisa.

5. Barafu iliyoganda. Utandu wa barafu unaozidi unene wa nusu sentimita huzuia joto lisiyafikie mabomba ya ndani. Jokofu lizimwe, mlango uachwe wazi, na sufuria ya maji ya moto iwekwe ndani ili barafu iyeyuke. Kamwe isibanduliwe kwa kisu. Tundu moja dogo katika bomba hutoa gesi yote, na hapo hitilafu isiyo na gharama hugeuka kuwa hasara kubwa.

6. Mzigo. Yachukuliwe mfano wa mwanachama aliyeingiza kilo 20 za samaki wenye joto la nyuzi 26, ambalo ni joto la kawaida la maji ya juu ya ziwa. Ili kuwashusha hadi nyuzi 4 ni lazima kuondoa joto la kilojuli 1,600 hivi. Jokofu la nyumbani linaloweza kuondoa joto kwa kiasi cha wati 100 litahitaji zaidi ya saa 4, mlango ukiwa umefungwa muda wote na ndani pasiwe na kitu kingine cha kupozwa. Kuwagandisha samaki hao kutahitaji joto zaidi ya maradufu kuondolewa. Jokofu hilo si bovu, bali limepewa kazi isiyo yake. Kazi ile ile ya kuwapoza hadi nyuzi 4 yaweza kufanywa na kilo 5 za barafu iliyopondwa, ikichanganywa na samaki mara tu wanapotoka mtumbwini. Kwanza barafu, kisha jokofu: huo ndio utaratibu ufaao.

SUALA LA GESI

Wazee wanaoyakumbuka majokofu ya mafuta ya taa wanajua kwamba tangi lilijazwa kila mara, kwa kuwa mafuta yaliwaka na kwisha. Gesi ya jokofu la umeme sivyo ilivyo. Haiwaki wala haitumiki. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa miaka yote ya uhai wa jokofu. Kwa hiyo basi, maneno "gesi imekwisha" hayatoshi kuwa maelezo. Ikiwa imepungua, imevuja, na penye kuvuja pana tundu. Fundi anayejaza gesi bila kuliziba tundu ameuza majuma machache ya baridi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili za kuvuja ni hizi: kompresa hufanya kazi bila kusimama, mabomba ya nje hayapati joto, barafu huganda mahali padogo tu ndani, na pengine alama ya mafuta huonekana penye kiungo cha bomba. Dalili hizo zikionekana baada ya uchunguzi wa awali kumalizika, fundi aitwe.

Aina ya gesi imeandikwa katika kibandiko cha nyuma, na ni hiyo tu itakiwayo kutumika. Majokofu ya zamani yana R12, gesi ambayo utengenezaji wake ulikomeshwa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na kwa nchi zinazoendelea mwisho ulikuwa mwaka 2010. Mengine yana R134a. Mengi ya siku hizi yana R600a, ambayo hushika moto. Jokofu la R600a lisichomelewe ndani ya nyumba, wala karibu na jiko au sigara.

USALAMA WA CHAKULA

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Jokofu lililofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Sehemu ya kugandishia iliyojaa hutunza saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Samaki, nyama au maziwa yaliyokaa katika joto la juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2 yasiliwe wala kuuzwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini baadhi ya sumu walizokwisha kutoa hubaki. Jokofu lionyeshapo udhaifu, samaki ambao bado ni wazima wakaushwe kwa moshi au watiwe chumvi siku hiyo hiyo, kama ifanywavyo mwambaoni tangu zamani.

WAJIBU WA KATIBU

Pale jokofu lilipo mali ya chama, katibu asiidhinishe malipo kwa hati yenye maneno "matengenezo ya friji" peke yake. Hati ionyeshe hitilafu iliyokutwa, mahali palipovuja na jinsi palivyozibwa, kifaa kilichobadilishwa, aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, pamoja na muda wa dhamana. Kifaa cha zamani kirudishwe chamani. Maelezo hayo yaandikwe pia katika daftari la mali, ili kamati ione kama jokofu moja linatiwa gesi kila baada ya miezi michache. Fedha hiyo ni hisa na akiba za wanachama, na mwanachama anayo haki ya kuuliza ilikwenda wapi.

Mwanachama mwenye jokofu lake nyumbani naye yampasa kudai stakabadhi yenye maelezo hayo hayo. Fundi mwaminifu hatachukizwa kuulizwa tundu lilikuwa wapi.